Tusimsingizie mnyama: somo la simba na chui kwa watoto wetu wa shule

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa wenye kutembea kwa miguu miwili na wenye kutembea kwa minne. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunazungumzia elimu ambayo wengi wetu huidhani ni ya watalii peke yao. Nayo ni elimu ya wanyama wa jamii ya paka: simba, chui, duma, mondo, simbamangu na kimburu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga shule na bustani za wanyama katika nchi nyingi, yalienea sana mafundisho yanayotolewa kwa njia ya intaneti. Mtaalamu husimama mbele ya kamera karibu na mnyama, na darasa zima lililo mbali humtazama kwenye kioo na kuuliza maswali. Sisi tunauliza: je, somo la namna hii lina faida gani kwa mtoto wa Hombolo?

Hombolo, iliyo kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, inajulikana kwa bwawa lake lililojengwa mwaka 1957, kwa zabibu, na kwa ng'ombe na mbuzi wa Wagogo. Mtoto wa hapo humjua mbuzi kabla ya kuijua kalamu. Lakini anaweza kumaliza darasa la saba bila kumwona simba kwa macho yake, ingawa Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na ndani ya mkoa wake kuna mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Anachokijua ni masimulizi, na katika masimulizi kila mbuzi asiyerudi zizini ameliwa na mnyama mkali.

Kanzu isiyochanika

Qur'ani Tukufu inatupa kisa cha mnyama aliyesingiziwa. Ndugu zake Nabii Yusuf (A.S.) walimtupa kisimani, kisha wakamwendea baba yao usiku wakilia, wakidai kuwa mbwa mwitu amemla. Wakaleta kanzu yenye damu ya uongo. Wafasiri wamesimulia kwamba Nabii Yaaqub (A.S.) aliitazama kanzu ile, akaiona haikuchanika, akastaajabu: ni mbwa mwitu gani huyu amlaye mtoto na kuiacha nguo yake nzima?

Tuzingatie hapo. Mzee yule alikuwa na huzuni kubwa kuliko ya mfugaji yeyote, lakini huzuni haikumzuia kutazama dalili. Hakumhukumu mnyama kwa maneno ya watu. Hilo ndilo tunalotaka watoto wetu wajifunze: kutazama kabla ya kuhukumu.

Dalili hizo zinafundishika. Wanyama wa jamii ya paka huficha kucha wanapotembea, kwa hiyo unyayo wa simba au chui kwa kawaida hauna alama za kucha. Duma peke yake ndiye asiyeweza kuzificha kabisa. Unyayo wa fisi na wa mbwa huwa na alama hizo. Chui hupenda kuuma koo, na mara nyingi hupandisha mzoga juu ya mti. Fisi huvunja mifupa na kuila, na ndiyo sababu kinyesi chake kikikauka huwa cheupe. Fisi, kwa umbo lake, watu humdhania ni mbwa, lakini hayumo katika jamii ya mbwa wala ya paka. Ana jamii yake. Mtoto aliyeyaona haya kwenye picha zinazotembea, akayaelewa, akiamka alfajiri na kukuta mbuzi amekufa ataweza kumwambia baba yake jambo la kweli.

Yanayofanyika Ruaha

Haya si ndoto. Kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mradi ulioanzishwa mwaka 2009 na mtaalamu Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford umekuwa ukiwaonyesha wanavijiji filamu za wanyama nyakati za usiku, na umeziunganisha shule za huko na shule za ng'ambo. Vijiji vimepewa pia kamera za kutega porini. Picha za wanyama zinazopatikana huhesabiwa alama, na alama hizo huleta misaada ya shule, ya afya na ya tiba ya mifugo. Utafiti wa huko umeonyesha kuwa fisi ndiye anayeshambulia mifugo zaidi, na kwamba maradhi huua mifugo mingi kuliko wanyama wote wakali. Simba hubeba lawama ya wengine, kama mbwa mwitu wa ndugu zake Yusuf.

Na lawama isiyo ya haki huzaa msiba. Mwezi Aprili 2018, huko Hamukungu, katika hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba 11 waliuawa kwa sumu, na 8 kati yao walikuwa watoto. Sumu haichagui: humuua simba, tai, fisi na mbwa wa mwenye kuitega.

Haki ya mnyama, haki ya mfugaji

Uislamu haumtaki mfugaji akae akitazama zizi lake likimalizwa. Mtume (S.A.W.) ameruhusu kuuawa wanyama wenye kudhuru hata kwa aliyehirimia Hija, na wanazuoni wengi wameingiza humo mnyama mkali anayeshambulia. Lakini Mtume huyo huyo ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Amekataza pia kutumia ngozi za wanyama wakali. Na Ibn Umar (R.A.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale, aliwakemea kwa kuwakumbusha kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Waliofundishwa siku ile walikuwa vijana, umri wa wanafunzi wetu.

Katika Suratul An'am, aya ya 38, tunajulishwa kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Umma una haki ya kutosemwa kwa uongo.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa shule na wa madrasa, Hombolo na kwingineko, wasingojee intaneti yenye nguvu. Filamu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta moja na kuonyeshwa ukutani yatosha kuanzia. Ofisa wanyamapori wa wilaya na aalikwe aje ajibu maswali. Lakini somo lisiwe la kusifu uzuri wa simba tu, maana mtoto wa mfugaji anajua uchungu wa kupoteza mbuzi na hatamwamini mwalimu anayeuficha. Afundishwe pamoja na hayo kuimarisha zizi, kutolaza mifugo nje, na kutoa taarifa mapema. Ukweli wote, wa mnyama na wa mfugaji, ndio utakaomzuia kuishika sumu atakapokuwa mtu mzima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sote kuwa waadilifu kwa kila alichokiumba. Amin.