Betri za taa za dagaa: mtaji unaokwama kimyakimya

KIGOMA – Mwenye chombo cha dagaa aliyeacha karabai na kununua taa za betri ya lithiamu amepunguza gharama ya mafuta ya taa. Lakini amejiongezea gharama nyingine ambayo wengi hawaiandiki daftarini: uchakavu wa betri.

Tupige hesabu. Tuseme betri imenunuliwa kwa shilingi 300,000. Ikifanya kazi usiku 600, kila usiku umegharimu shilingi 500. Ikichoka baada ya usiku 300, gharama ni shilingi 1,000 kwa usiku, na mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi au Ujiji hatapandisha bei kwa ajili hiyo.

Kwa nini betri mbili za aina moja zichoke kwa nyakati tofauti? Jibu linapatikana katika maabara kama Taasisi ya Laue-Langevin ya Grenoble, Ufaransa, na ile ya Paul Scherrer nchini Uswisi, ambako wataalamu hupiga picha za ndani ya betri kwa miali ya nyutroni. Eksirei haioni lithiamu vizuri kwa kuwa ni nyepesi mno. Nyutroni hupenya ganda la alumini kwa urahisi lakini huzuiwa na lithiamu, hivyo lithiamu huonekana ikihama kutoka upande mmoja hadi mwingine wakati wa kuchaji, bila betri kufunguliwa.

Katika betri iliyochoka, picha huonyesha lithiamu isiyosambaa sawasawa. Sehemu yake hunaswa isirudi tena kazini. Kwa lugha ya biashara, ni mtaji uliokwama: upo, lakini hauzunguki. Visababishi vikubwa ni joto, kuchaji kwa haraka kupita kiasi, na kuiacha betri imejaa au imeisha kabisa kwa muda mrefu.

Hilo la mwisho linaigusa Kigoma moja kwa moja. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, na mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Waliozoea betri za gari, zenye risasi na asidi, wanajua kuwa huhifadhiwa zikiwa zimejaa. Ya lithiamu sivyo: iwekwe na chaji ya takriban nusu, kivulini, na ikaguliwe kila mwezi.

Kwa mnunuzi wa betri iliyotumika, ganda safi si kipimo. Ijaze, iunganishe na taa yake, kisha hesabu saa. Iliyokuwa ikiwasha saa 10 na sasa inawasha saa 6 imebaki na asilimia 60 ya uwezo wake, na uwezo ukishuka chini ya asilimia 80 wataalamu wengi huihesabu betri kuwa imechoka. Bei unayotajiwa nayo ishuke vivyo hivyo.