Mhanga na Bilbi: Wachimbaji Wasio Ndugu

Mvua ikikatika jioni, watoto wa kwetu Otonglo, Kisumu, huvizia kumbikumbi wanaoruka kutoka kichuguuni. Mhanga hana subira hiyo. Huja usiku, peke yake, akabomoa kichuguu kwa kucha na kupenyeza ulimi unaonata, mrefu hadi sentimita 30. Kila siku tunasema fulani kajitoa mhanga, lakini mnyama mwenyewe wachache wamemwona.

Kwenye majangwa ya Australia yuko bilbi: masikio marefu, pua ndefu, kucha za kuchimbia, mchwa na mbegu kwa chakula, mchana kalala shimoni. Ni mdogo, hafikishi kilo 3, hali mhanga huweza kupita 50. Ila kwa sura utaapa wametoka tumbo moja.

Hawahusiani kabisa. Bilbi ni wa ukoo wa kangaruu, wanyama wanaolelea watoto mfukoni. Mimba yake ni ya wiki mbili tu. Kitoto kipofu hutambaa hadi mfukoni na kukaa humo siku 80 hivi. Na tazama ufundi huu: mdomo wa mfuko umegeukia nyuma. Ungetazama mbele kama wa kangaruu, kila mama anapochimba angemzika mwanawe kwa udongo.

Mhanga hubeba mimba miezi saba, akazaa mtoto mmoja. Jamaa zake ni tembo, pimbi na nguva, nao ni wa mbali. Katika oda yake amebaki peke yake duniani. Hata meno yake hayana mfano: hayana ganda gumu la nje, ni vijibomba vyembamba vilivyobanana kama matete kwenye mzigo.

Nasi wa Ziwa Victoria ni wenyeji wake wa zamani. Katika miamba ya visiwa vya Rusinga na Mfangano yamepatikana mabaki ya mhanga mdogo aliyeishi zaidi ya miaka milioni 17 iliyopita. Donald MacInnes alimpa jina Myorycteropus africanus mwaka 1956. Mifupa ya mikono yake ni ya mchimbaji hodari.

Mashimo ndiyo yanayonifanya niwaheshimu wote wawili. Ya bilbi huwahifadhi wanyama wengine wengi dhidi ya joto la jangwa. Ya mhanga, akishayahama, hukaliwa na fisi, nungunungu na ngiri, ambaye huingia kinyumenyume, pembe zikiulinda mlango.