Ufupi ni Upendo kwa Msomaji: Somo kutoka kwa Mtakatifu Fransisko wa Sale

Kila mwaka, ifikapo tarehe 24 Januari, Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sale, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Mwaka 1923 Papa Pius wa XI alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Wengi wetu tunaifahamu heshima hiyo, lakini si wote tunaokumbuka chanzo chake, nacho kina mengi ya kutufundisha sisi tunaoandikiana kila siku kwa njia ya simu.

Mwaka 1594, akiwa padre kijana wa miaka 27, Fransisko alikwenda kufanya utume Chablais, eneo la Savoy lililo kusini mwa ziwa la Geneva. Kwa karibu miaka sitini sehemu kubwa ya wakazi wa huko walikuwa wamejitenga na Kanisa Katoliki. Alihubiri kwa bidii, lakini waliokuja kumsikiliza katika mji wa Thonon walikuwa wachache mno, kwani wengine walizuiwa na wengine waliogopa kuonekana. Ndipo akabadili njia. Alianza kuandika kurasa chache chache za mafundisho, akifafanua hoja za imani moja baada ya nyingine. Kurasa hizo zilinakiliwa na kusambazwa kwa watu, na mapokeo yanasimulia kwamba nyingine zilipenyezwa chini ya milango ya nyumba. Zilikuja kukusanywa kuwa kitabu baada ya kifo chake.

Mpendwa msomaji, tutafakari kidogo jambo hilo. Mtu aliyeikuta karatasi chini ya mlango wake hakuwa ameiomba. Angeweza kuitupa motoni bila kumwudhi mtu yeyote. Mwandishi hakuwapo kumsihi aendelee kusoma, wala hapakuwa na kengele ya kanisa ya kumwita. Kilichomfanya asome mpaka mwisho ni karatasi yenyewe tu: iwe wazi, iwe na adabu, na isimchoshe.

Simu ndiyo mlango wa leo

Hali hiyo ndiyo yetu leo. Matangazo ya parokia, taarifa za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tafakari za Dominika na habari za jimbo huwafikia waamini katika kioo kidogo cha simu. Mama anasoma akiwa kwenye daladala, kijana anasoma akiwa kazini, mzee anasoma kwa taabu kwa sababu miwani yake imepitwa na wakati. Wengine wanahesabu kifurushi chao cha intaneti. Ujumbe ukiwa mrefu, sehemu yake kubwa hujificha nyuma ya maneno “soma zaidi”, na wengi hawaendelei. Hawafanyi hivyo kwa dharau, bali kwa sababu siku yao imejaa.

Niruhusu nitoe ushuhuda. Nilipokuwa katibu wa jumuiya yetu niliwahi kuandika tangazo la semina ya ubatizo. Nilianza kwa salamu ndefu, nikawataja viongozi wote kwa vyeo vyao, nikaeleza umuhimu wa sakramenti, kisha mwishoni kabisa nikaweka siku, saa na mahali. Dominika ya ubatizo ilipofika, mama mmoja alikuja na mtoto wake aliyevikwa nguo nyeupe, pamoja na ndugu waliosafiri kutoka mbali. Jina la mtoto halikuwamo katika orodha, kwa sababu mama yule hakuhudhuria semina. Aliniambia kwa upole, “Katibu, ujumbe wako niliuona, ila sikufika mwisho.” Sikuwa na la kumjibu. Habari iliyomhusu niliiandika mimi, na mimi ndiye niliyeificha.

Kanisa linavyofundisha

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Inter Mirifica iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulivitambua vyombo vya upashanaji habari kuwa zawadi ambazo Kanisa linapaswa kuzitumia vema. Kutokana na hati hiyo ilianzishwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Katika ujumbe wake wa siku hiyo kwa mwaka 2012, Papa Benedikto wa XVI alieleza kwamba sentensi fupi, pengine isiyozidi aya moja ya Biblia, inaweza kubeba wazo la kina, mradi anayeandika asiache kuyatunza maisha yake ya ndani.

Naye Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume Evangelii Gaudium wa mwaka 2013, alisisitiza kwamba homilia iwe fupi na itumie lugha ambayo watu wanaielewa. Katika katekesi yake ya tarehe 12 Juni 2024 alitaja hata kiasi: isizidi dakika nane. Ikiwa mhubiri aliye mbele ya watu walioketi na kutulia anaombwa awe na kiasi, je, si zaidi sisi tunaomwandikia mtu aliyesimama kwenye foleni?

Namna ya kuandika kwa ufupi

Kwanza, jua jambo moja unalotaka msomaji abaki nalo. Kabla ya kuandika, jiulize: akisahau mengine yote, akumbuke nini? Kama huwezi kulisema kwa sentensi moja, bado hujawa tayari kuandika. Na kama mambo ni mawili, andika taarifa mbili.

Pili, jambo hilo liweke mwanzoni. Katika mkutano wa hadhara itifaki ina nafasi yake. Katika ujumbe wa simu, mistari miwili ya kwanza ndiyo inayosomwa na wote. Salamu iwe fupi, kisha habari.

Tatu, kichwa cha habari kiseme kilichotokea. Kichwa kama “Waamini wahimizwa kudumisha upendo” kinaweza kuwekwa juu ya habari yoyote ya mwaka wowote. Ni afadhali kusema, “Kigango chaanza kupeleka Komunyo kwa wagonjwa kila Ijumaa.” Hapo msomaji mwenye mgonjwa nyumbani atasoma mpaka mwisho.

Nne, ondoa maneno yasiyofanya kazi. Lugha yetu ya Kiswahili ni tamu na ina uwezo wa kusema mengi kwa neno moja, lakini tumezoea kuijaza mapambo ya ofisini: “napenda kuchukua fursa hii adhimu”, “katika suala zima la”, “kwa namna moja ama nyingine”, “zoezi la”. Kitenzi “kuweza” nacho hutumika pasipohitajika. Tunaandika “Askofu aliweza kuwasili” wakati “Askofu aliwasili” inatosha, tena ni bora zaidi.

Tano, andika tarehe kamili. Ujumbe wa simu hutumwa na kutumwa tena. “Jumamosi hii” ya leo itasomwa na mwingine wiki ijayo, naye atakwenda ukumbini akute mlango umefungwa.

Tuone mfano. Tangazo la aina niliyoiandika mimi husomeka hivi: “Napenda kuchukua fursa hii adhimu, kwa niaba ya uongozi mzima, kuwataarifu waamini wote kwamba, katika suala zima la maandalizi ya ubatizo wa watoto wachanga, kutakuwa na zoezi la semina kwa ajili ya wazazi pamoja na wasimamizi, ambalo litaweza kufanyika katika ukumbi wa parokia siku ya Jumamosi hii kuanzia saa tatu kamili asubuhi, na kwamba mzazi ambaye hataweza kuhudhuria, mtoto wake hataweza kubatizwa.”

Lingeweza kusomeka hivi: “Wazazi na wasimamizi wa ubatizo: semina ni Jumamosi, tarehe 14 Machi, saa 3:00 asubuhi, ukumbi wa parokia. Mtoto ambaye mzazi wake hatahudhuria atasubiri ubatizo unaofuata. Ukiwa na udhuru, mwone katekista mapema.” Maneno yamepungua, lakini habari imeongezeka: ipo tarehe, na upo msaada kwa mwenye shida. Nafasi iliyochukuliwa na mapambo sasa imechukuliwa na huruma.

Sita, soma kwa sauti kabla ya kutuma. Pale unapoishiwa pumzi, weka nukta. Pale unapojikwaa, msomaji naye atajikwaa.

Ufupi si upungufu

Mtu anaweza kuuliza: je, imani yetu yenye kina namna hii haiharibiki kwa kufupishwa? Tuutazame Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Filemoni. Una sura moja tu, yenye aya 25, na una ombi moja: Filemoni ampokee Onesimo, mtumwa wake, si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpendwa. Paulo anasalimu, anashukuru kwa yale mema anayoyafahamu juu ya Filemoni, anatoa ombi lake, anaahidi kulipa deni kama lipo, na anaomba aandaliwe mahali pa kufikia. Hakuandika insha juu ya utumwa. Alimtaja mtu mmoja kwa jina lake, na karne hadi karne barua hiyo imewasuta wenye mioyo migumu. Ufupi wake haukuupunguza uzito wake.

Hata hivyo, upo ufupi ambao ni hatari. Kukata maneno ya mtu mpaka maana yake igeuke ni uongo. Kuweka kichwa cha habari cha kushtua, kisha ndani mkawa na jambo dogo, ni kumdanganya ndugu yako, na akidanganywa mara mbili hatafungua tena, hata siku utakapokuwa na habari ya maana. Vilevile yapo mambo yasiyostahili kufupishwa: taarifa ya michango ya waamini itaje kilichopatikana, kilichotumika na kilichobaki, mafundisho juu ya suala nyeti yapewe nafasi ya kutosha ili mtu asijeruhiwe na nusu ya maelezo. Kipimo si idadi ya maneno. Kipimo ni kwamba kila neno lililobaki lina sababu ya kuwapo.

Kazi hii inadai unyenyekevu. Ni rahisi kuandika yote yaliyomo kichwani. Ni vigumu kufuta sentensi nzuri kwa sababu tu haimsaidii msomaji. Anayeifuta anajinyima ili mwingine apate, na huo ni upendo kwa jirani, hata kama hakuna atakayeuona.

Basi, wewe uliye katibu wa jumuiya, katekista, kiongozi wa vijana au mwamini unayewatumia wenzako tafakari ya asubuhi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, mkumbuke mtu mmoja unayemfahamu kwa sura, mwenye siku ndefu na simu ndogo, umwandikie yeye. Mimi humkumbuka yule mama na mtoto wake wa nguo nyeupe. Alibatizwa miezi mitatu baadaye, na tangazo la semina ya pili lilikuwa na mistari minne.

Mtakatifu Fransisko wa Sale, utuombee.