Kuthibitisha chuo usichowahi kukiona

Basi la kutoka Kibondo, mkoani Kigoma, kwenda Dar es Salaam hupita Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida, kisha likaingia Dodoma, mji wa vyuo vya UDOM na St. John's. Baadaye linafika Morogoro, mji wa SUA na, ukishika barabara ya Iringa, Mzumbe. Mwisho wa safari ni Dar, penye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, Muhimbili, Ardhi na vingine vingi. Kwa safari hiyo moja kijana wa Kigoma anaweza kupita karibu na vyuo vingi alivyovisikia tangu kidato cha tano. Ila wengi hupanda basi hilo kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na begi, ndoo na barua ya kujiunga. Chuo wameshakichagua.

Hakuna mzazi wa Heru Juu au Mabamba atakayeuza maharage ili mtoto akaangalie majengo. Wala si jambo la Kigoma peke yake. Marekani familia huzunguka vyuo kabla ya tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu la mwisho, na kwao ziara hiyo ni sehemu ya malezi. Kwetu hata mtoto wa Mbagala, aliye daladala mbili kutoka Mlimani, aghalabu hafiki huko hadi siku ya kujisajili. Kigoma imezidi tu kwa umbali. Tena ni mkoa wenye mazoea ya siku nyingi ya kwenda mahali pasipojulikana: enzi za mkoloni, mawakala wa mashamba ya mkonge walikusanya vijana wa Buha, nchi ya Waha, wakawapeleka Tanga na Morogoro kama manamba, na wengine hawakurudi. Ndiyo maana hadi leo familia nyingi za Kasulu zina shangazi Muheza au mjomba Kilosa.

Kilicho kipya ni kuchagua. Kuanzia 2010 hadi 2016 maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU: ulipanga vyuo kwa kadiri ulivyovipenda, mfumo ukakupa kimoja, ukashukuru au ukanuna. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo, na kila chuo kinamjibu kivyake. Matokeo yake, mtu mwenye ufaulu mzuri anajikuta amedahiliwa vyuo viwili, vitatu, hata zaidi. Hapo hutumiwa namba maalumu kwa ujumbe wa simu, na anatakiwa kuitumia kuthibitisha chuo kimoja, au kukonfemu kama wenyewe wasemavyo. Muda ni wa siku chache. Akizembea, vyote vinaweza kumponyoka.

Siku hizo chache hazimkuti akiwa ametulia. Wahitimu wa kidato cha sita hupitia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa 2013. Kigoma yenyewe ina kambi kama Mtabila, Kasulu, na Kanembwa, Kakonko, zinazopokea vijana kutoka kila pembe ya nchi, wakati wa kwetu wakipelekwa kwingine. Huko kwenye kwata ndiko wengi hupata fununu zao za kwanza za chuo, kutoka kwa mtoto wa Dar anayezungumza kwa uhakika mkubwa kuliko anachokijua. Kisha kuna suala la steshenari. Maombi mengi ya vijijini hujazwa na dada wa steshenari, na kama namba ya simu iliyoandikwa ni yake au ni ya laini iliyokwishapotea, ule ujumbe wa kuthibitisha utaenda kwa mtu mwingine. Namba iwe yako, na laini uitunze kama cheti.

Nyumbani, swali la kwanza huwa la mama: “Huko tuna nani?” Ni swali la haki. Ila jibu lake limewapeleka watoto wengi Dar kwa sababu moja tu, kwamba baba mdogo ana vyumba viwili Chanika. Kulala kwa ndugu si bure hata kidogo. Kuna nauli ya kila siku, saa za foleni asubuhi na jioni, maji ya kuchota, watoto wa kuwafundisha hesabu, na kipindi cha jioni unachokikosa kwa sababu usafiri utakuwa mgumu. Mwanafunzi huyo anapofeli, ukoo husema alilewa mji.

Mimi ningeanza na kitanda. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na chuo chenyewe kina wanafunzi mara nyingi ya hapo. Waliobaki hugombea hosteli nyingine, ikiwamo ya Mabibo, au hupanga geto mitaani. UDOM, kilichoanzishwa 2007, kilipangwa tangu mwanzo kuchukua wanafunzi 40,000, na mabweni yakajengwa humo humo kwenye eneo la chuo. Kwa kijana asiye na mtu mjini, tofauti hiyo ni kubwa kuliko jina litakaloandikwa kwenye joho. Najua wapo watakaonibishia kwamba Mlimani ni Mlimani. Wabishe. Ila waniambie pia mtoto wa Kifura atalala wapi mwezi Novemba kabla mkopo haujaingia.

Mkopo ndiyo ncha kali zaidi. Bodi ya Mikopo ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 kuanzia mwaka 2023/24. Hilo boom, kama linavyoitwa vyuoni, ni lile lile kwa aliyepanga chumba Sinza na kwa aliye bwenini Dodoma, ingawa kodi zao hazifanani. Zaidi ya hapo, mara nyingi mtu huthibitisha chuo kwanza, ndipo majina ya waliopata mkopo yanaanza kutoka awamu kwa awamu. Kwa hiyo anachagua chuo asichokiona kwa fedha asiyoijua. Akipangiwa asilimia fulani tu ya ada, kinachobaki kinamwangukia mzazi, na katika chuo binafsi chenye ada ya juu kinachobaki kinaweza kuwa shamba zima la muhogo. Hesabu hii inafanyika Kibondo hapo hapo, mezani, kwa daftari na kalamu: ukikosa mkopo kabisa, chuo gani kati ya hivi utaweza kukisoma mwaka mmoja ukisubiri kuomba tena? Kama jibu ni hakuna, afadhali mjue Septemba kuliko Januari.

Kuhusu kozi, watoto wetu huchagua kwa ofisi walizokua wakiziona. Kasulu ina Chuo cha Ualimu Kasulu na cha Kabanga, na hospitali ya Kabanga, hivyo ualimu na uuguzi havihitaji kuelezwa. Kibondo ni habari nyingine. Kuna kizazi kilichokua kikiyaona magari meupe ya mashirika yakienda na kurudi kambi ya wakimbizi ya Nduta, kama wenzao wa Makere walivyoyaona yakienda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996. Mtu mwenye kitambulisho shingoni na mshahara wa shirika alikuwa ndiye mfano wa msomi. Haishangazi kwamba ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii vinaombwa kwa moyo mmoja. Lakini kambi ya Mtendeli, Kakonko, ilifungwa 2021, na kambi ikifungwa, ajira zake nazo hufungwa. Shahada ni ya miaka mitatu au zaidi, na ofisi unayoiona leo haikuahidi kukusubiri.

Ndiyo maana nasema kozi itangulie chuo. Mwongozo wa udahili wa TCU, unaopatikana bure kwenye simu, unaonyesha kila programu, sifa zake, muda wake na idadi ya nafasi. Kama programu haimo humo, usiulize mara mbili. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na programu kadhaa za vyuo vingine nazo zikazuiwa. Geti zuri halikuvisaidia vyuo hivyo, na hata aliyekwenda kuvitembelea asingeona kasoro kwa kutazama ukuta. Kwa fani za afya, sheria au uhandisi, angalia pia kama bodi au baraza la taaluma linaitambua shahada hiyo.

Baada ya hapo ndipo umpigie simu kaka au dada aliyeko chuoni. Simu hizi huharibika mapema. “Shikamoo kaka, chuo chenu kikoje?” “Marahaba mdogo wangu, kiko poa tu, njoo.” Vocha imekwisha na hujajua kitu. Muulize siku ya kujisajili alilipia nini na nini, mbali na ada. Mwaka wa pili alilala wapi, kwa sababu wa kwanza mara nyingi hupewa kipaumbele cha mabweni na wa pili hutolewa. Boom la kwanza liliingia wiki ya ngapi, na kabla ya hapo alikula nini. Somo gani linawapa watu sapu, yaani mtihani wa kurudia, na darasani kwake wangapi wamedisko, yaani wameondolewa chuo kwa kufeli. Maabara inafunguliwa, au ipo kwenye picha tu? Ukipata wawili wa chuo kimoja wanaopingana, ongea na wa tatu. Ukimkuta anayesifia kila kitu, muulize kama amewahi kufanya mtihani.

Aliyekosea hajafungiwa milango yote. Kuna utaratibu wa uhamisho kati ya vyuo kwa tarehe zinazotangazwa, kwa mwenye sifa za programu anayoitaka na ikiwa nafasi bado ipo. Tena si lazima kila safari iwe ya Dar au Dodoma. Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Kigoma mjini, Chuo Kikuu Huria kina kituo chake, na Muhimbili inajengewa kampasi hapo hapo Kigoma chini ya mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vya nchi nzima. Kampasi hiyo ikishafunguliwa, mwanafunzi wa Kasulu ataweza kupanda gari asubuhi, akazungukia madarasa, akaonja ugali wa kantini na kurudi nyumbani jioni kabla hajathibitisha chochote. Sina hakika atafurahi. Wengi wa vijana hao wanapoijaza fomu kule steshenari, Muhimbili wanayoiwaza ni ile ya Upanga, Dar.