Ndama Anapokunywa, Maziwa Yanakwenda Wapi?



Wengi wenu mnaufahamu utaratibu wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Familia iliyopokea mtamba hulipa kwa kutoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Kwa hiyo ndama akifa, hasara si ya nyumba moja. Ipo familia ya pili ambayo imeshajenga banda na kupanda majani, nayo itaendelea kusubiri.

Katika kutembelea sharika tumeona kuwa baadhi ya ndama wanakufa kutokana na namna walivyonyweshwa maziwa. Sehemu ya kosa hilo ni yetu. Tulikabidhi mtamba na tukahimiza matumizi ya ndoo ili familia ipate maziwa ya kuuza, lakini hatukueleza vya kutosha kinachotokea ndani ya ndama anapomeza.

Ng'ombe ana matumbo manne. Kwa ndama mchanga tumbo la kwanza, la kusaga majani, bado halifanyi kazi. Maziwa yanatakiwa kufika tumbo la nne, ambako huganda na kumeng'enywa taratibu. Ndama anaponyonya, kingo za mfereji ulio mwishoni mwa umio hujikunja na kuwa kama bomba, na maziwa hupita moja kwa moja mpaka huko. Kinachoufunga mfereji huo ni kule kunyonya kwenyewe. Ndama akilazimishwa, akiogopa, au akipewa maziwa ya baridi, mfereji unaweza usifunge vizuri. Maziwa humwagikia tumbo la kwanza na kuchacha, na ndama huvimba tumbo, huhara na kudhoofika.

Hatari nyingine iko kooni, ambako njia ya chakula na njia ya hewa zinakutana. Anayenyonya mwenyewe humeza kwa mpangilio, na njia ya hewa hufungwa kwa kila funda. Katika usharika mmoja tulikuta familia imemwinua ndama kichwa na kummiminia maziwa kwa chupa, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa alikataa ndoo. Maziwa yaliingia mapafuni. Ndama alipata kichomi akafa siku chache baadaye.

Tunaomba kamati zisimamie mambo haya:

1. Ndama apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza, mapema iwezekanavyo, isipite muda wa saa 6 tangu azaliwe. Ng'ombe hampi mtoto kinga akiwa tumboni. Kinga yote imo katika dang'a, na baada ya takriban saa 24 utumbo wa ndama hauwezi tena kuipokea. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita 3.

2. Kumfundisha ndoo, nawa mikono, chovya vidole viwili katika maziwa, mwache avinyonye, kisha vishushe polepole ndani ya maziwa. Akishaanza kunywa, toa vidole. Akikataa, rudia. Usimmiminie kamwe.

3. Maziwa yawe na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hadi 39, na saa za kunywesha zisibadilike-badilike.

4. Ndoo isikae chini sakafuni. Iinuliwe kidogo, na ioshwe kila baada ya matumizi.

5. Kuanzia wiki ya pili aonjeshwe pumba na majani laini, pamoja na maji safi, ili tumbo la kwanza lianze kukomaa.

Kuanzia sasa, kabla ya kukabidhi mtamba, tutakaa na kila familia, baba, mama na watoto, maana mara nyingi ndoo hushikwa na mtoto atokapo shule. Tunawaomba wafadhili wetu wayahesabu mafunzo haya kuwa sehemu ya zawadi ya ng'ombe. Gharama yake ni ndogo, na ndama atakayepona ndiye ng'ombe wa familia inayofuata.