Mpira Ukienda Kushoto Kila Siku, Pima Fimbo Kwanza

Mdogo wangu ni kedi, yaani anawabebea mifuko wachezaji wa gofu. Mwaka jana alimaliza akiba ya miezi minane akanunua seti yake ya kwanza, ya mtumba. Seti nzuri kwa macho, chuma kinang'aa. Tatizo likaanza uwanjani: kila akipiga fimbo fupi, mpira unakwenda kushoto. Si mara moja moja, ni kila mara. Wazoefu wakamwambia arekebishe mikono. Akarekebisha, akaanza kuchelewesha viganja ili mpira unyooke. Baada ya wiki kadhaa hata draiva, aliyokuwa akiipiga vizuri, ikaharibika. Akataka kuuza seti yote.

Mimi gofu siichezi, lakini kazi yangu ya maabara imenifundisha jambo moja: makosa yakitawanyika huku na huku, mshuku mpimaji, yakielemea upande mmoja, kishuku kwanza kifaa.

Jaribio la daftari

Fimbo ya gofu ina pembe mbili za kujua. Ya kwanza ni mwinamo wa uso, yaani uso umelala kiasi gani kutazama juu. Draiva ina kama nyuzi 10, na fimbo fupi ya kukaribia shimo ina kama nyuzi 46. Ya pili ni pembe ya shingo, kati ya shafti na ardhi kichwa kikiwa kimekaa sawa. Kwa aini namba 7 huwa karibu nyuzi 62.

Sasa chukua daftari. Lisimamishe wima mbele yako, jalada litazame mbele. Lizungushe kama usukani, upande wa kulia upande juu. Jalada bado linatazama mbele, si ndiyo? Sasa lilaze kuja kwako, jalada litazame mbele na juu kwa pamoja. Lizungushe tena vilevile. Umeona? Safari hii jalada limegeukia kushoto.

Hiyo ndiyo siri yote. Kwa mtu anayepiga kwa mkono wa kulia, fimbo ikigonga mpira huku ncha ya kichwa imeinuka, uso unatazama kushoto hata kama mikono yake haina kosa. Na kadiri uso ulivyolala, ndivyo kosa linavyokua. Hesabu ya trigonometria inaonyesha kwamba pembe ya shingo ikikosewa kwa nyuzi 4, fimbo ya nyuzi 46 inatazama kushoto kwa takriban nyuzi 4. Umbali wa mita 100, hizo ni kama mita 7 pembeni. Draiva ya nyuzi 10 yenye kosa lilelile haifikishi hata nyuzi 1.

Ndiyo maana draiva ya mdogo wangu ilikuwa inanyooka wakati fimbo fupi zinapotea. Kosa la mikono kwa kawaida lingeonekana kwenye draiva pia.

Pima kabla ya kulipa

Huhitaji mashine. Chukua kalamu ya ubao mweupe, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mpira mstari ukiwa wima na ukielekea upande wa fimbo, kisha piga. Wino utaacha alama kwenye uso wa fimbo. Alama ikisimama wima juu ya mifereji, fimbo inakufaa. Juu yake ikiegemea ncha, shingo imesimama mno kwako, mpira utakwenda kushoto. Ikiegemea kisigino, shingo imelala mno, utakwenda kulia. Piga mara tano au sita, usiamini alama moja.

Kisha chukua futi ya fundi. Aini namba 7 ya shafti ya chuma kwa kawaida ina urefu wa karibu sentimita 94. Ya mdogo wangu ilikuwa na 96.5. Kumbe mwenye seti wa kwanza alikuwa mtu mrefu! Fimbo ndefu humlazimisha mtu mfupi kushusha mikono, na ncha inainuka. Makadirio ya mafundi ni kwamba kila nusu inchi ya urefu ni sawa na nyuzi 1 ya pembe ya shingo. Kwake inchi nzima ilileta nyuzi 2, na shingo zenyewe zilikuwa zimepindwa nyuzi 2 nyingine.

Kurekebisha

Tulianza kwa kukata inchi moja upande wa kushikia na kuweka mipira mipya ya kushikia. Kukata kuna gharama yake: kichwa kinahisi chepesi kidogo na shafti inakuwa ngumu kidogo. Nyuzi 2 zilizobaki zilitolewa na fundi wa fimbo, anayebana kichwa kwenye jiriwa maalumu na kupinda shingo kwa wenzo.

Hapa uwe makini. Chuma laini cha kufuliwa hupindika bila shida kubwa. Chuma kisichoshika kutu kilichomiminwa kwenye kalibu ni kigumu zaidi. Mafundi wengi hawakipindi kupita nyuzi 2, kwa sababu shingo inaweza kupasuka. Usimpelekee fundi wa mageti aipashe moto. Joto hulegeza gundi inayoshika shafti na linaweza kuharibu uimara wa chuma.

Na usidanganywe kwamba lazima ununue seti kamili. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, haikulazimishi kufika huko. Fimbo saba zilizopimwa kwa mwili wako ni bora kuliko 14 zilizopimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Kazi ngumu ilibaki kwa mdogo wangu: kusahau ule ujanja wa viganja alioufundisha mwili wake ili kufidia kosa la chuma. Ilimchukua muda mrefu kuliko kukata shafti zote. Seti hakuiuza. Bado anapoteza mipira, ila sasa inapotea kulia na kushoto. Nilipomwambia hiyo ni habari njema alidhani namtania. Hilo sasa ni kosa lake mwenyewe, na mazoezi yanaweza kulipunguza.