Karo ya Chuo na Hesabu za Wazazi wa Kuze

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka Januari, mazungumzo ya mabarazani Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hubadilika. Baada ya Maghrib huulizwa swali moja: kijana wako kapata ngapi, na anakwenda chuo gani? Gredi hujibiwa upesi. Chuo hujibiwa kwa kusitasita, maana nyuma yake liko swali ambalo jirani mwenye adabu halitamki: nani atalipa?

Wengi wa wazazi hawa wanapiga hesabu kwa mfumo uliokwisha kufa. Zamani kijana alikuwa wa "direct" au wa "parallel". Wa direct alichukuliwa na serikali, na karo ya masomo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Wa parallel, mlango uliofunguliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, alijilipia kila kitu. Mzazi alijua mapema yuko upande upi.

Mfumo ulioanzishwa Mei 2023 hauna uhakika huo. Kila kozi ina gharama yake, na msaada hutegemea hali ya familia, ambayo hupimwa kwa maswali ya kipato, idadi ya watoto wanaosoma na kadhalika. Familia hugawiwa katika madaraja matano. Chukulia kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Daraja la kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, kwa hiyo nyumbani hutoka shilingi 10,000. La tano hupata asilimia 30 na 30, na nyumbani hutakiwa 80,000. Kozi ile ile, chuo kile kile.

Kinachowakosesha wazazi usingizi ni mpangilio wenyewe. Kijana huchagua kozi kwanza kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kisha huitwa chuoni, ndipo huomba ufadhili na mkopo, na mwisho kabisa ndipo familia huambiwa daraja lake. Yaani bei hujulikana baada ya bidhaa kuchaguliwa. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huu unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo. Mwaka huo huo serikali ikatangaza kupunguza karo. Mzazi aliyechanganyikiwa hapo asilaumiwe.

Njia ya kupunguza presha ni kupiga hesabu kwa daraja la tano tangu siku ya kwanza, kwa karo ya mwaka huu na si ile ya binamu aliyemaliza zamani. Daraja zuri likija, ni faraja. Likija baya kupita hali halisi ya nyumbani, ipo nafasi ya kukata rufaa, na hapo nyaraka za kipato ndizo zinazosema.

Mji wa Kale una jambo la ziada ambalo wataalamu wa Nairobi hulipita juu juu. Mkopo huo, unaotolewa na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ziko nyumba ambazo haziugusi kwa sababu za dini. Uamuzi huo una uzito wake wa kifedha: kwa kozi yetu ya 200,000, familia ya daraja la tatu (ufadhili asilimia 50, mkopo 30) inayokataa mkopo haitoi 40,000 tena bali 100,000. Pengo hilo lijulikane kabla ya kuwaendea wajomba na mashangazi, au kuomba basari ya kaunti na ya CDF, mfuko wa eneo bunge la Mvita. Basari aghalabu huziba sehemu tu, tena hazina ahadi ya mwaka unaofuata.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye barua ya chuo. Anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, anapanda matatu kidogo tu na kurudi kula kwao. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, huenda akahitaji chumba, godoro na pesa za chakula kila wiki. Wengine huona kusoma karibu na nyumbani ni unyonge. Lakini chuo hicho cha Tudor kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kikawa politekniki 1972 na chuo kikuu kamili 2013. Mafundi na wahandisi wengi wa pwani hii wametoka pale.

Tena chuo kikuu si cha kila mtu. Katika KCSE ya 2024 waliopata C+ na zaidi, gredi ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391, kama robo ya watahiniwa. Mwenye C- anaweza kusomea diploma, na mwenye D cheti cha ufundi, katika vyuo ambavyo karo yake iliwekwa shilingi 67,189 kwa mwaka kabla ya ufadhili na mkopo. Katika mji unaoishi kwa bandari, umeme wa meli au ufundi wa kreni si kozi za kufichwa mbele ya wageni.

Kosa linalojirudia ni kumficha kijana hesabu hizi. Akisema, "Mama, mie nataka uhandisi," huambiwa Mungu atajalia, kisha mwezi wa Septemba ndipo hujua hakuna pesa. Mwonyeshe karatasi mapema: nyumba inaweza kutoa kiasi gani kwa muhula, na kwa miaka mingapi. KUCCPS kwa kawaida hufungua awamu ya kubadilisha machaguo, kwa hiyo orodha iliyojazwa kwa haraka kwenye saiba, huku foleni ikisukuma nyuma, bado inaweza kurekebishwa.